Kuthibitisha Sifuri: Mabomu ya Makaburu na Wakaguzi wa Vienna

Tarehe 12 Machi 1993 Korea Kaskazini ilitangaza kwamba inajitoa katika Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Siku 12 baadaye, tarehe 24, Rais F. W. de Klerk alisimama mbele ya Bunge mjini Cape Town akakiri jambo ambalo serikali ya makaburu ilikuwa imelikana miaka nenda miaka rudi: kwamba Afrika Kusini ilitengeneza mabomu 6 ya nyuklia, ikaanza la 7, kisha ikayavunja yote kabla mgeni yeyote hajayatia machoni. Matukio haya mawili husimuliwa mbalimbali, moja likiwekwa katika historia ya Asia, jingine katika historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Nadhani yanafaa kusomwa pamoja, kwa kuwa nyuma ya yote mawili lilikuwapo shirika lile lile, yaani Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) lenye makao yake Vienna, na wakaguzi wake walikuwa wanakabili ugumu ule ule: nchi imeleta hesabu ya mali yake ya nyuklia, nao wanatakiwa waseme kama hesabu hiyo imekamilika. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kuthibitisha utii wa mkataba wa nyuklia ni kazi iliyo karibu zaidi na uhasibu na uandishi wa historia kuliko ujasusi, na kwamba faili la Afrika Kusini la miaka ya 1991 hadi 1993 ndilo ushahidi bora tulio nao wa nini kazi hiyo inaweza na nini haiwezi.

Uzito wa kazi hiyo hauonekani mpaka tukumbuke ukaguzi ulivyokuwa kabla yake. IAEA iliundwa mwaka 1957, na mkataba ulipoanza kutumika mwaka 1970 ilipewa jukumu la kuhakikisha kwamba nchi zisizo na mabomu hazichepushi urani wala plutoniamu ya vinu vyao na kuipeleka jeshini. Utaratibu uliotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 uliziheshimu serikali kupita kiasi. Nchi ilitoa orodha ya nyenzo zake za nyuklia, mkaguzi akaja kuangalia kama kilichoandikwa kipo: alipima, akahesabu, akatia lakiri, akapitia picha za kamera, akarudi kwao. Kipimo chake kilikuwa kiasi ambacho shirika hukihesabu kuwa chatosha bomu moja, yaani kilo 8 za plutoniamu, au kilo 25 za urani-235 iliyomo ndani ya urani iliyorutubishwa sana. Usahihi wa orodha ulikaguliwa. Ukamilifu wake, kwa vitendo, uliachiwa neno la mwenyewe.

Iraki ndiyo iliyouanika udhaifu huo. Ilikuwa imeuridhia mkataba mwaka 1969, na wakaguzi walikuwa wakifika Tuwaitha, karibu na Baghdad, wakakuta kila kilichotajwa kipo mahali pake. Baada ya Vita vya Ghuba, Azimio 687 la Baraza la Usalama, la Aprili 1991, liliwapa mamlaka ambayo hawakuwahi kuwa nayo, na mwishoni mwa Juni mwaka huo, huko Falluja, walifumania malori yakiondoka mbio yakiwa yamebeba mitambo ya sumaku ya kutenganisha urani, huku askari wa Iraki wakifyatua risasi hewani kuwazuia wasisogee. Wamarekani walitumia njia hiyo ya sumaku wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha wakaiacha, na wataalamu wengi waliamini hakuna atakayeifufua. Programu nzima ilikuwa imekua bega kwa bega na majengo yaliyokaguliwa. Aibu hiyo haikuwa imetimiza hata wiki 2 pale Afrika Kusini ilipojiunga na mkataba, tarehe 10 Julai 1991.

Na kuhusu Afrika Kusini shaka ilikuwa ya siku nyingi. Urani ilikuwa ikipatikana kwa wingi kama zao la pembeni la migodi ya dhahabu. Mwaka 1965 kinu cha utafiti cha SAFARI-1, kilichotoka Marekani chini ya mpango wa Atomu kwa Ajili ya Amani, kilianza kazi Pelindaba, magharibi ya Pretoria. Mwaka 1970 Waziri Mkuu John Vorster aliliambia Bunge, kwa fahari, kwamba wanasayansi wake wamevumbua njia yao wenyewe ya kurutubisha urani, na jirani na Pelindaba, mahali palipoitwa Valindaba, kikajengwa kiwanda kilichojulikana kwa herufi moja tu, Y. Urani ya kiwango cha bomu ilianza kutoka humo mwaka 1978. Mwaka mmoja kabla ya hapo setilaiti ya Kisovieti ilikuwa imeona mashimo marefu yakichimbwa Vastrap, katika jangwa la Kalahari. Moscow ikaiarifu Washington mwezi Agosti 1977, na shinikizo la mataifa, Ufaransa ikiwamo, likawalazimu makaburu kuyaacha mashimo yale. Ni kisa cha kuchekesha kidogo: kilele cha Vita Baridi, na mahasimu wawili wanashirikiana kumshika mkono mtu wa tatu. Lakini tukiangalia vizuri, ugunduzi ule haukuzuia chochote zaidi ya jaribio. Kiwanda cha Y kiliendelea kuzunguka. Kampuni ya silaha ya serikali, Armscor, ilijenga jengo la kuundia mabomu kilomita chache kutoka Pelindaba, likafunguliwa mwaka 1981, na hakuna mkaguzi aliyekanyaga humo kwa zaidi ya miaka 10.

Bomu lenyewe lilikuwa la muundo ulio rahisi kuliko yote, ambamo kipande kimoja cha urani hurushwa ndani ya mtutu kikakutana na kingine, kama lile lililoangushwa Hiroshima. Kila moja lilimeza takriban kilo 55 za urani iliyorutubishwa sana. Kwa anayetaka kukagua, muundo wa namna hiyo ni balaa, kwa sababu aliyelitengeneza anaweza kuliamini bila kulijaribu. Ardhi haitetemeki, hewa haibebi vumbi la mionzi, na mashine za kunasa milipuko zinabaki zimenyamaza. Chenye kubaki kama alama ni urani yenyewe: iliingia kiwandani kiasi gani, ikatoka kiasi gani, na tofauti iko wapi.

Kwa nini waliyavunja? De Klerk alieleza kwamba hali ya usalama ilikuwa imebadilika, na maelezo hayo yana msingi. Makubaliano ya Desemba 1988 yalikuwa yameweka njia ya askari wa Kikuba, wapatao 50,000, kuondoka Angola. Namibia ilipata uhuru Machi 1990. Umoja wa Kisovieti ulikuwa unayumba. Wapo wanaosema, tena kwa sababu nzito, kwamba watawala wale walioona mwisho wao unakaribia hawakutaka bomu liangukie mikononi mwa serikali ya Waafrika walio wengi. Sioni haja ya kuchagua moja, kwa kuwa sababu zote mbili zilielekea upande mmoja. Muhimu kwa hoja yetu ni mfuatano. Mapema mwaka 1990 kiwanda cha Y kilifungwa na amri ya kuvunja mabomu ikatolewa kwa maandishi. Urani ikayeyushwa na kurudishwa Pelindaba. Na kazi hiyo ilikamilika Septemba 1991, siku chache tu kabla ya kusainiwa makubaliano ya ukaguzi na IAEA tarehe 16 mwezi huo. Kwa nchi zilizokuwa mstari wa mbele, Tanzania ikiwamo, ambazo kwa miaka mingi ziliishi na tetesi za bomu la makaburu, huu ulikuwa mchezo uliochezwa gizani kutoka mwanzo hadi mwisho. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umetoa azimio lake la kutaka bara lisilo na nyuklia tangu Cairo, Julai 1964, miaka 4 baada ya Ufaransa kulipua bomu lake la kwanza Reggane, kwenye Sahara ya Algeria. Sasa nchi pekee ya Afrika iliyowahi kuwa na bomu ilikuwa inasema haina kitu. Nani angeiamini?

Mkutano Mkuu wa IAEA wa Septemba 1991 ulimpa Mkurugenzi Mkuu, Hans Blix, agizo ambalo utaratibu wa zamani haukuzoea: athibitishe ukamilifu wa orodha ya Afrika Kusini. Hapo ndipo kazi ya kihasibu inapoanza. Mtu anayekabidhiwa duka hawezi kuridhika kwa kuhesabu magunia yaliyomo stoo leo. Ataomba stakabadhi za manunuzi, daftari la mauzo, na maelezo ya vilivyooza, kisha aone kama vilivyoingia, ukitoa vilivyotoka, ni sawasawa na vilivyobaki. Urani hukaguliwa hivyo hivyo, na ina uadilifu wake ambao magunia hayana. Katika kila sehemu 1,000 za urani ya asili, sehemu 7 hivi ni urani-235, ile inayolipuka. Kiwanda cha kurutubisha hakiziongezi wala hakizipunguzi. Kinazikusanya upande mmoja na kuacha mabaki yaliyopungukiwa upande wa pili. Kwa hiyo anayejua urani ya asili iliyoingia, anayepima mabaki yaliyohifadhiwa kwenye mitungi, na anayejua kiwanda kilifanya kazi siku zipi na kwa nguvu kiasi gani, anaweza kukokotoa urani ya bomu iliyopaswa kutoka, hata kama hajaonyeshwa gramu moja.

Wakaguzi wa kwanza walifika Novemba 1991, baada ya serikali kuwasilisha orodha yake mwishoni mwa Oktoba. Serikali iliwaruhusu waende kokote watakako, wakati wowote, alimradi ombi liwe la busara, na ikawafungulia kumbukumbu za uendeshaji wa kiwanda cha Y tangu siku zake za mwanzo. Hebu tufikirie maana ya kumbukumbu hizo. Ni madaftari ya mafundi wa zamu, yaliyoandikwa siku kwa siku kwa zaidi ya muongo mmoja, na watu ambao hawakuwaza kamwe kwamba mgeni kutoka Vienna atakuja kuyasoma. Yana habari za kuharibika na kusimama, kama ile ajali ya kikemikali ya Agosti 1979 iliyokifunga kiwanda hadi mwaka uliofuata. Mtu anaweza kughushi ripoti ya mwaka mmoja. Kughushi maelfu ya kurasa za zamu, zenye mwandiko wa watu tofauti, zikubaliane na uzito wa mitungi ya mabaki na kumbukumbu za mafundi wastaafu, ni jambo jingine kabisa. Hesabu ya kwanza ya wakaguzi haikukaa sawa. Walirudi, wakauliza tena, wakapima tena, na taratibu tofauti ikapungua mpaka ikaingia ndani ya mipaka ambayo mtu wa fani hii angeitarajia kwa kiwanda cha namna ile. Ripoti ya mwaka 1992 iliyotokana na kazi hiyo ilikiri wazi kwamba kuthibitisha ukamilifu, katika nchi iliyoendesha programu kubwa kwa muda mrefu, ni kugumu kwa asili yake.

Kisha ikaja hotuba ya Machi 1993, na wakaguzi wakaingia awamu ya pili wakiwa na wataalamu wa silaha ndani ya timu. Safari hii waliingia kwenye jengo la Armscor, wakaongea na waliounda mabomu, wakaona vipande visivyo vya nyuklia vilivyosalia na kushuhudia vikiharibiwa, wakalinganisha urani ya mabomu 6 na ile ambayo tayari walikuwa wameihesabu Pelindaba. Yale mashimo ya Vastrap, yaliyoonwa na setilaiti miaka 16 kabla, yalizibwa mwaka huo mbele ya macho yao yasitumike tena. Ripoti iliyopelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Septemba 1993 ilisema kwa lugha ya tahadhari: hawakukuta dalili ya kuonyesha kwamba orodha ya mwanzo ilikuwa na upungufu, wala kwamba programu ya silaha haikusitishwa na kuvunjwa kabisa. Lugha hiyo haimridhishi anayetaka neno "hakika". Mimi naiona kuwa ndiyo alama ya ustadi wao. Mwanahistoria mzuri naye hasemi zaidi ya kile ambacho hati na mabaki yanakibeba.

Hapa pingamizi la kwanza linajileta lenyewe. Afrika Kusini ilitaka kuonekana safi. Ilihitaji kurudi katika jumuiya ya mataifa na kuondolewa vikwazo. Ukaguzi wa mtu anayetaka kukaguliwa, mpinzani atasema, hauthibitishi chochote kuhusu yule asiyetaka. Pingamizi hili lina ukweli wa nusu. Utayari wa makaburu ulikuwa na mipaka yake, maana kwa takriban miezi 20, kutoka Julai 1991 hadi Machi 1993, walikuwa ndani ya mkataba, wakipokea wakaguzi, bila kuwaambia kwamba urani wanayoipima ilikuwa mabomu juzi tu. Kisheria hawakusema uongo, kwa sababu makubaliano yaliwataka waorodheshe nyenzo na hayakuwauliza zilipita wapi. Na hapo ndipo mbinu ya kihasibu ilipoonyesha thamani yake: urani yote ilikuwa imekwisha ingia kwenye mizani kabla ya siri kufichuliwa, na hotuba ya de Klerk ilipokuja iliwapa wakaguzi maelezo ya kilo ambazo walikuwa nazo tayari. Kama wangetegemea ungamo tu, wangekuwa na hadithi bila namba. Kama ungamo lingekuwa la uongo, namba zingelipinga.

Lakini jibu lenye nguvu zaidi limo katika tangazo lile la tarehe 12 Machi. Korea Kaskazini ilikuwa kinyume kabisa cha nchi yenye utayari. Ilijiunga na mkataba mwaka 1985, ikachelewesha makubaliano ya ukaguzi hadi 1992, na Mei mwaka huo ikatoa orodha iliyokiri kwamba imetenganisha plutoniamu mara moja tu, mwaka 1990, kiasi cha gramu 90 hivi, kutokana na fito za mafuta zilizoharibika. Gramu 90 si kitu. Zinazidi kidogo tu sehemu ya mia ya kiasi cha bomu. Wakaguzi walipofika Yongbyon, kituo cha nyuklia cha nchi hiyo, walipangusa kwa vitambaa vya pamba ndani ya makasha ya kazi na mahali pengine ambapo vumbi lisiloonekana hukaa, wakavipeleka maabara. Plutoniamu ina aina yake moja, 241, ambayo nusu yake hugeuka kuwa amerisiamu kila baada ya miaka 14 hivi, na uwiano wa hivyo viwili hueleza plutoniamu ile ilitenganishwa lini. Mavumbi ya Yongbyon yalitoa zaidi ya tarehe moja: 1989, 1990, 1991. Taka zilizoonyeshwa kwa wakaguzi hazikulingana na plutoniamu iliyoonyeshwa. Wahandisi wale walikuwa wameandaa hesabu yao kwa kipimo cha ukaguzi wa zamani, ule wa kutazama kilichoandikwa, na hawakujua kwamba kitambaa cha pamba kingeweza kusoma kalenda. Februari 1993 Bodi ya Magavana ya IAEA ilionyeshwa picha za setilaiti za sehemu mbili zilizoaminika kuwa na taka zilizofichwa. Blix akaomba ukaguzi maalumu. Pyongyang ikakataa, na wiki chache baadaye ikatangaza kujitoa. Kwa hiyo mbinu ile ile, ya kulinganisha daftari na alama ambazo mwenye daftari hawezi kuzifuta, iliunga mkono maelezo ya mmoja na kuyavunja ya mwingine. Mbinu inayoweza kutoa majibu mawili tofauti ndiyo inayostahili kuitwa uthibitishaji.

Pingamizi la pili ni la kihesabu, na ndilo linalonisumbua zaidi. Hakuna mizani isiyo na kosa. Kiwanda kikubwa cha kurutubisha, kikikosewa kwa asilimia 1 au 2 kwa miaka 10, kinaweza kuacha pengo lenye ukubwa wa bomu zima, na mbaya zaidi, kosa la kweli la upimaji na wizi wa makusudi huonekana sawa kwenye karatasi. Hili halina jibu la moja kwa moja. Lina jibu la kuzungukia: mkaguzi hategemei mizani moja. Akiwa na urani iliyoingia, iliyotoka, mabaki, saa za kazi, idadi ya mabomu, uzito wa kila bomu, simulizi za watu na mavumbi ukutani, kila kimoja kina kosa lake, lakini makosa hayo hayana sababu ya kuelekea upande mmoja. Anayeficha kilo 55 hana budi kuzificha katika kila hesabu kwa wakati mmoja. Uhakika unaopatikana hapo ni wa kiwango, kama wa mahakama, na mtu anayedai sifuri ya kihisabati hatapata mkataba wowote duniani wa kumridhisha.

Kuna eneo ambalo faili la Afrika Kusini lina tundu, na si vyema kulipita kimya. Kabla ya wakaguzi kuambiwa kitu, serikali ilikuwa imeteketeza michoro na nyaraka za silaha. Ilieleza kwamba ilifanya hivyo ili elimu ya kuunda bomu isienee, na ilimteua Profesa Wynand Mouton kusimamia na kukagua uvunjaji na uteketezaji wenyewe. Sababu hiyo inakubalika kwa michoro. Haikubaliki kwa kumbukumbu za maamuzi: nani aliagiza nini, nani wa nje alisaidia, bomu lingetumika katika hali gani. Kumbukumbu za aina hiyo hazimfundishi mtu kuunda bomu; zinamfundisha mtu kuhusu waliotawala. Ndiyo maana leo tunajua kwa uhakika mkubwa kilo zilizokuwapo na kwa uhakika mdogo nia iliyokuwapo. Mfano mmoja ni mmweko wa tarehe 22 Septemba 1979, ulionaswa na setilaiti ya Kimarekani ya Vela juu ya bahari za kusini. Jopo lililoundwa na Ikulu ya Marekani lilisema huenda haukuwa mlipuko wa nyuklia. Wanasayansi wengine wengi hawajaridhika hadi leo. De Klerk naye alikana kwamba nchi yake ilifanya jaribio lolote. Hesabu ya urani ya kiwanda cha Y inasaidia kidogo hapa, kwa kuwa haionyeshi bomu lililopotea, lakini haiwezi kusema lolote kuhusu bomu la mtu mwingine. Ukaguzi wa nyenzo huishia pale nyenzo zinapoishia.

Limebaki pingamizi la wale wanaosema kwamba kujua hakuna faida. Korea Kaskazini ilikamatwa kwa gramu, na ikawaje? Ilisitisha kujitoa kwake, ikafanya makubaliano na Marekani mwaka 1994, yakavunjika, ikajitoa tena Januari 2003, na tarehe 9 Oktoba 2006 ikalipua. Mlipuko huo ulinaswa na mtandao wa vituo vya mkataba wa kupiga marufuku majaribio, mtandao ambao hata Kilimambogo nchini Kenya na Dar es Salaam vina vituo vyake, na kunaswa huko hakukuwazuia kulipua tena. Iraki ni mfano wa upande wa pili. Tarehe 7 Machi 2003 Mohamed ElBaradei, Mkurugenzi Mkuu wa IAEA wakati huo, aliliambia Baraza la Usalama kwamba wakaguzi wake hawajakuta ushahidi wa programu ya nyuklia kufufuliwa, na kwamba hati zilizodaiwa kuonyesha Iraki ikinunua urani Niger hazikuwa halisi. Vita vilianza kabla mwezi haujaisha, na uchunguzi wa Wamarekani wenyewe baadaye ukathibitisha kwamba programu ile ilikuwa imekufa tangu miaka ya 1990. Nikiiweka mifano hii mbele yangu nashindwa kuona imeushinda ukaguzi kwa namna gani. Mara zote mbili wakaguzi walisema kweli, mapema, na kwa ushahidi. Walioshindwa ni waliopewa kweli hiyo. Mkaguzi wa hesabu hana polisi. Kumlaumu kwa kutomfunga mwizi ni kumpa kazi ambayo mkataba ulimpa mtu mwingine, yaani Baraza la Usalama na wenye kura ya turufu humo.

Kilichojifunzwa Pelindaba kiliandikwa kwenye sheria haraka kuliko ilivyo kawaida ya diplomasia. Mwaka 1997 IAEA ilipitisha Itifaki ya Nyongeza, ambayo inazitaka nchi zinazoikubali zitoe habari za shughuli zisizohusisha nyenzo zenyewe, ziruhusu kuingiwa kwa taarifa fupi, na ziruhusu mavumbi kupanguswa. Mkataba wa Afrika uliosainiwa Cairo tarehe 11 Aprili 1996 ulipewa jina la Pelindaba, mahali pale pale bomu lilipozaliwa, na kifungu chake cha 6 kinaitaka nchi mwanachama itangaze uwezo wowote wa kutengeneza bomu iliokuwa nao na kuuvunja chini ya macho ya IAEA. Ni wazi kilitungwa na watu waliokuwa wanaikumbuka miezi ile 20 ya ukimya. Mkataba huo ulisubiri miaka 13 kuridhiwa na nchi za kutosha, hadi Burundi ilipouridhia na kutimiza nchi 28, tarehe 15 Julai 2009, ukaanza kutumika.

Wenye mabomu mengi hawajafika hapo. Mikataba ya Marekani na Urusi, tangu ule wa makombora ya masafa ya kati wa 1987 hadi New START wa 2010, ilihesabu zaidi vibebeo: makombora, manowari, ndege. Chini ya New START mkaguzi aliruhusiwa kuhesabu vichwa vya nyuklia vilivyofunikwa juu ya kombora, ila asione ndani; na hata hilo lilisimama Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO, kisha Urusi ikasimamisha ushiriki wake Februari 2023. Juhudi ya pamoja ya Marekani, Urusi na IAEA, iliyoanza 1996 ikitafuta namna ya kuthibitisha nyenzo zitokazo kwenye vichwa bila kufichua siri za muundo, ilikwisha 2002 bila kutumika hata mara moja. Mtu anayetaka dunia ikaguliwe kama Afrika Kusini ilivyokaguliwa aanze basi na kuuliza hali ya madaftari. Marekani ilichapisha hesabu yake ya plutoniamu mwaka 1996: tani 99.5 zilizopo, na tani 2.8 ambazo vitabu vinasema zilipaswa kuwapo lakini hazionekani kwenye mizani, nyingi zikielezwa kuwa ni makosa ya upimaji na mabaki ndani ya mabomba. Kwa kipimo cha kilo 8, pengo hilo ni sawa na mabomu 350, na hao ndio waliothubutu kuchapisha. Mkataba wowote ujao unaotaka kuhesabu vichwa vyenyewe utalazimika kwenda kusoma kumbukumbu za zamu za viwanda vya plutoniamu vya Hanford nchini Marekani na Mayak nchini Urusi, na kuwahoji walioziandika wakati bado wapo.